Mohoro na Makao Yaliyohama

Mto Rufiji ni mkuu kuliko mito yote ya Tanzania. Maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu hukusanyika ndani yake, na ukaribiapo Bahari ya Hindi hujigawa katika mikono mingi, ambayo kila mmoja una mdomo wake na jina lake. Wenyeji waujua tangu kale kuwa mto usiokubali kukaa mahali pamoja. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake iliiacha midomo ya kusini ikaelekea ile ya kaskazini. Mashamba yaliyokuwa yakinywa maji matamu yakaingiwa na chumvi, na wakulima wa mpunga wakaufuata mto ulikokwenda. Haikuwa mara ya kwanza kwa watu wa nchi hiyo kuona kitu kikubwa kikihama na kuwaacha. Kabla ya mto kuhama, serikali ilikuwa imekwisha kuhama.

Mohoro ni mji mdogo ulioko upande wa kusini wa mto, jirani na delta. Msafiri aupitaye leo hawezi kudhani kwamba uliwahi kuwa makao makuu ya wilaya nzima. Walakini katika zamani za Wajerumani ndipo palipokuwa na boma, bendera na hukumu, na ndipo ilipopelekwa kodi ya nyumba iliyotozwa tangu mwaka 1898. Chini ya boma walikuwa maakida, na chini ya maakida majumbe. Amri ya kulima pamba katika mashamba ya shauri la serikali, iliyoanza mwaka 1902, ilimfikia mkulima kwa ngazi hiyo hiyo. Mjerumani hakuonekana kijijini ila kwa nadra. Aliyeonekana kila siku ni akida, ambaye aghalabu hakuwa mzaliwa wa nchi ile, na jumbe, ambaye alikuwa mzaliwa wake.

Si ajabu, basi, kwamba ghadhabu ya watu iliwaangukia kwanza wale walioonekana. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwezi Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi, akida wa Kibata alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kushambuliwa. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyewagawia watu maji ya dawa, alikamatwa akapelekwa Mohoro, na huko akanyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Mauti yake hayakuvizima vita. Viliendelea hata mwaka 1907 na kuangamiza watu wengi kwa silaha na kwa njaa. Hivyo jina la Mohoro liliingia katika vitabu vya historia kwa mti wa kunyongea, si kwa jambo ambalo wakazi wake walilichagua.

Delta nayo ilikuwa na umaarufu wake. Msitu wake wa mikoko, wenye hekta 53,000 hivi, ni mkubwa kuliko misitu yote ya namna hiyo katika pwani ya Afrika Mashariki. Majahazi yalichukua boriti zake kwenda Unguja, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Wahenga walisema kuwa penye miti hapana wajenzi. Hapa miti ilikuwapo na wajenzi walikuwapo, lakini nyumba za fahari zilijengwa kwingine. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mikono ya delta hata ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Dunia ilisoma habari za delta kwa miezi mingi, lakini katika habari hizo mvuvi na mkata boriti hawakuwa na kauli.

Makao ya wilaya yalitoka Mohoro yakaenda Utete, na Utete ndiyo iliyokuwa na boma zamani za Waingereza. Toka hapo mabadiliko yakafuatana. Sheria ya mwaka 1926 iliweka mamlaka za wenyeji chini ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na mwaka 1963 vyeo vya utawala wa jadi vikafutwa. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 watu wa bonde walihamishwa kutoka mashamba yao ya kandokando ya mto, wakapangwa katika vijiji vipya juu ya miinuko. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa nchini. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuzirudisha. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa lilifunguliwa juu ya mto, na barabara ikazidi kuwa na nguvu kuliko ngalawa. Hatimaye, mwaka 2015, Rufiji ikagawanywa na Kibiti, mji wa barabarani, ikawa wilaya.

Kufutwa kwa mamlaka ndogo si msiba wa Rufiji peke yake. Katika nchi ya Norway sheria ya mwaka 1837 ilizipa jumuiya za mashambani mabaraza yao ya kuchaguliwa. Katikati ya karne ya 20 mamlaka hizo, za mashambani na za mijini pamoja, zilizidi 740. Kwa miunganisho iliyofanywa hasa katika miaka ya 1960 zilibaki 450 hivi. Wako waliosikitika huko pia. Lakini jumuiya ya Norway iliyofutwa iliacha maandishi ya kikao chake yenyewe, kwa lugha yake yenyewe. Boma la Mohoro liliandika kwa Kijerumani, na mwandishi alikuwa mtawala. Upande wa mtawaliwa ulihifadhiwa vinywani mwa wazee, hata mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipopelekwa vijijini kusini kuandika masimulizi ya Maji Maji. Katika mwaka ule ule ambao wengine walikusanya maneno ya wazee, mafuriko yalianzisha safari ya kuwaondoa wazee wa bonde la Rufiji katika makazi yao.

Pengine itaulizwa kama Mohoro ilipata hasara yoyote kwa kuondokewa na boma la kodi na kitanzi. Swali hili ni la haki. Lakini boma huondoka na vyote: karani na hakimu huondoka pamoja na mnyongaji. Abakiye nyuma hapati uhuru kwa sababu mtawala amekwenda mbali. Hupata safari ndefu zaidi. Mkazi wa kisiwa cha delta mwenye shauri la shamba hungoja maji yajae ndipo apande chombo, na akifika nchi kavu hutafuta gari. Akifika ofisini huweza kuambiwa kwamba shamba lake la mpunga limo ndani ya hifadhi ya mikoko. Mto ulihama bila kumwuliza, naye alipoufuata alikuta mpaka uliochorwa bila kumwuliza.

Kuzaliwa kwa wilaya ya Kibiti kuliipunguza safari hiyo, na kwa hiyo ni neema. Hata hivyo wilaya changa ilipata msiba mapema. Katika miaka ya 2016 na 2017 wenyeviti wa vijiji na watendaji kadhaa waliuawa katika Kibiti na wilaya jirani, na tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Kibiti kwa siku moja. Mwandishi wa habari Azory Gwanda, aliyeandika juu ya mauaji hayo, alitoweka mwezi Novemba 2017. Sababu za mwaka 2017 si zile za 1905, wala mwenyekiti aliyechaguliwa na jirani zake si akida. Lakini mahali alipouawa ni pale pale: kwenye ngazi ya mwisho ya serikali, ambako mwenye cheo hana ukuta wala mlinzi, na mkewe huteka maji kisima kimoja na wake wa anaowaongoza.

Mwezi Aprili 2024 mto ulifurika tena ukafunika nyumba na mashamba katika Rufiji na Kibiti. Mara hii bwawa kubwa la Julius Nyerere lilikuwa limekwisha kujengwa juu ya mto, na watu wa chini walitaka kujua ni nani aliyeweza kuwaambia mapema maji yatakuja lini na kwa kiasi gani. Huo ndio mzani wa kuipimia serikali ya mahali padogo. Jengo laweza kuwa Mohoro, Utete au Kibiti, na bado likawa mbali na watu wanaoishi mlangoni pake. Makao ya kweli ya serikali ni pale neno la mkulima linapopokewa kabla maji hayajafika kizingitini.