Wewe ni wa Nani?



Methali yetu husema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Tunaitamka bila kujiuliza Baniani ni nani. Neno hilo asili yake ni Gujarat, magharibi mwa India, nalo lilikuwa jina la tabaka moja tu, lile la wafanyabiashara. Watu wa pwani waliwapokea wafanyabiashara hao, wakalitwaa jina la tabaka lao na kuwaita Wahindu wote. Machoni petu wote walikuwa wamoja. Wenyewe kwa wenyewe hawakuwa wamoja hata kidogo.

Hayo nimeyajua kwa rafiki yangu mmoja, Mhindu aliyekulia nyuma ya duka la baba yake mjini Mbeya. Watu wake ni Walohana, jamii ya wafanyabiashara ambayo husimulia kwamba imetokana na ukoo wa mashujaa, uzao wa Lava mwana wa Rama. Kabla hajajua kusoma, alikwisha kujua kwamba maisha yake yatakuwa dukani na kwamba mke wake atatoka kwa Walohana. Hakuna aliyemketisha kumfundisha. Aliyasikia katika maneno ya wakubwa wakati wa kula, na zaidi aliyasikia pale waliponyamaza.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Jamii hiyohiyo ndiyo iliyompokea babu yake aliposhuka melini hana kitu, ikampa mahali pa kulala, ikamkopesha bidhaa za kuanzia kwa neno la mdomo tu. Asiye na ndugu ugenini angelindwa na nani mwingine? Lakini ulinzi huo ulikuwa na bei, na waliokuja kuilipa ni watoto.

Dada yake alipotaka kuolewa na kijana wa Kipatel, baba yao hakula siku mbili. Kwa masikio ya Mfipa kisa hiki kinachekesha: wote Wahindu, wote wasema Kigujarati, wote hawali nyama, na maduka yao yalitazamana. Posa gani ingekuwa bora kuliko hiyo? Ila asili ya Wapatel ni wakulima, na mzee aliona haya jinsi atakavyokabili wazee wenzake. Wazee wa namna hiyo hawakuwa na mchezo. Mwaka 1888, Gandhi akiwa kijana wa miaka 18, wakuu wa tabaka lake, hao hao Mabaniani, walimtenga kwa kuwa alikusudia kuvuka bahari kwenda kusoma London.

Wala Kanisa halikusalimika. Ukristo uliingia India karne nyingi kabla Wamisionari wa Afrika hawajafika Karema mwaka 1885. Hata hivyo, kusini mwa India kumekuwa na parokia ambako Wakatoliki wa asili ya Dalit, yaani wale walioitwa "wasioguswa", huzikwa katika makaburi ya peke yao. Ilitubidi kungoja hadi tarehe 27 Agosti 2022 ndipo Dalit wa kwanza, Askofu Mkuu Anthony Poola wa Hyderabad, akafanywa Kardinali.

Siku moja rafiki yangu aliniuliza, "Padri, nanyi Wafipa huulizana nini kabla ya posa?" Nilimsimulia habari za Watwa waliotawala Nkansi na Lyangalile, na za Milansi, kiti cha kale kuliko vyote, na jinsi Serikali ilivyofuta utawala wa machifu mwaka 1963. Alisikiliza kwa adabu, kisha akarudia swali lake.

Basi nikamjibu. Sisi huuliza, "Ni wa ukoo gani?", na nyuma ya swali hilo lipo lingine: kama kuna neno juu ya bibi yake. Jina la mji wetu wenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi". Zipo familia zinazosemwa. Bibi alisingiziwa zamani, akafa, na mjukuu ambaye hakumwona hulipokea neno lile pamoja na jina la ukoo. Katiba ya India ya mwaka 1950 ilipiga marufuku kumtendea mtu kama "asiyeguswa". Hili la kwetu halina hata jina; hunong'onwa tu. Utalikatazaje?

Katika parokia niliyotumikia zamani, binti wa familia ya namna hiyo alichumbiwa. Tangazo la kwanza la ndoa liliposomwa, baba wadogo wawili wa kijana walinijia usiku. Niliwauliza kama wanajua kizuizi. Wakasema wanakijua. Kipi? Wakatazamana. Niliwaeleza kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1058, yawaruhusu kufunga ndoa wote wasiokatazwa na sheria, na kwamba katika vizuizi vyote hakuna kinachoitwa minong'ono. Mmoja akanijibu kwa upole, "Baba Padri, wewe wajua vitabu. Sisi ndio tutakaoishi naye."

Yule binti nilipozungumza naye hakuuliza kama ndoa itafungwa. Aliuliza watoto wake wataitwaje.

Ilifungwa. Upande wa bwana arusi aliketi mama yake, na nyuma yake mabenchi matupu. Yule baba mdogo aliyenijibu alisimama nje, karibu na mlango, mpaka baraka ya mwisho, akaondoka kabla ya picha.