Duara la 40

Dean Herbert, Mwaustralia, alitoa osu! mwaka 2007 akiiga mchezo wa Kijapani wa Nintendo DS. Unabonyeza maduara mdundo ukipiga, basi. Ila nyimbo hupangwa na wachezaji wenyewe, duara kwa duara.

Muhula wangu wa mwisho chuoni uliishia kwa benga moja ya dakika nne. Wiki tatu nikiipanga! Mamangu aliona taa inawaka usiku, akadhani nasoma. Gitaa la benga linakimbia bana. Ukichelewesha duara kidogo tu, kidole kinajua.

Nikaipakia. Mtu nisiyemjua akaniandikia: la 40 limechelewa. Nikasikiza tena. Kweli, lilikuwa limechelewa. Nikalirekebisha saa tisa usiku. Mtihani ulikuwa saa mbili asubuhi. Sikuamka.