Zahabu Nyekundu

Sisi wa Bulengera tunajua zahabu: ni ya manjano, inapimwa kwa mizani ndogo pale Butembo. Tena ilituchukulia rafiki wa kalasi, akaenda kuchimba Manguredjipa. Nafasi yake kwenye benchi iko wazi.

Siku moja mwalimu wa shimi akasema: gawa milimeta moja mara laki moja, punje ya zahabu ya kipimo hicho ndani ya maji inaonekana nyekundu! Tukacheka. Kumbe Faraday aliyaeleza kule London mwaka 1857. Na mwaka 1987 Haruta wa Japani alionyesha kwamba punje ndogo kuliko hizo zinageuza gazi ya makaa, ile inaua watu usingizini, ikawa kama hii tunatoa puani. Hata kwenye baridi kali!

Tulimwandikia rafiki yetu yote haya. Hajajibu bado.