Kazi iliyokatikia katikati

Ndugu msomaji, na wewe kijana unayependa kugusa-gusa mashini ya nyumbani, leo ninataka kukuelezea jambo lililotufikia sisi kwa nyumba. Pengine litakusaidia.

Mimi ni mwandishi wa likelemba ya wamama wa jumuiya yetu. Zamani niliandika yote katika kaye. Kisha tukapata ordinatere ya mezani, nikaacha kaye. Nani amelipa, nani bado, zamu ya nani: yote yalikuwa mule ndani.

Siku moja ya posho, asubuhi, nikaiwasha. Ikaonyesha maandishi meupe juu ya weusi, ikasimama. Kesho yake, siku ya yenga, wamama walikuwa wanakuja kwa hesabu. Utamwambia nini mjane ambaye zamu yake imefika? Fundi mmoja akasema: «Mama, hapa ni kufuta yote na kuanza upya.» Kidogo tu nikubali.

Ndipo kijana wetu akakaribia, macho chini: «Mama, ni miye njo nilianzisha ile kazi usiku. Kurenti ikakatika. Niliogopa kukwambia.» Alikuwa anabadilisha programu za zamani kwa mpya. Sikumugombeza. Neno lake lilikuwa dawa, maana sasa tulijua ugonjwa.

Ordinatere yetu inatumia Ubuntu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 juu ya msingi wa Debian, ambayo ilianza mwaka 1993. Humo programu zinakuja ndani ya paketi. Paketi inashushwa kutoka intaneti, halafu inafunguliwa, mwisho inapangwa mahali pake. Kurenti ikikatika katikati, paketi zingine zinabaki zimefunguliwa bila kupangwa. Ni kama nyumba iliyotolewa mabati ya zamani, na mapya hayajapigiliwa bado. Nyumba haikaliki, lakini vyombo vyako viko ndani.

Mutoto wa dada yangu, mwanafunzi, akaja kutusaidia. Tazama alivyofanya:

Kwanza, kuokoa mali. Aliwasha mashini kwa flashi yenye Ubuntu, bila kuiweka kwenye diski, akanakili kitabu cha likelemba kwenye flashi nyingine. Hapo nikapumua.

Pili, aliwasha tena kwa kawaida, akafinya Ctrl, Alt na F3 pamoja. Akaandika jina na neno la siri, kisha: sudo dpkg --configure -a. Maana yake: maliza kupanga yote yaliyobaki. Mashini ikakataa, ikisema nafasi imekwisha.

Tatu, df -h ikatuonyesha diski imejaa asilimia 100. Akaandika sudo apt clean, ambayo inafuta paketi zilizoshushwa na kuwekwa akiba. Maandiko yako haiyagusi. Akarudilia amri ya kwanza. Safari hii mistari ikatembea.

Nne, sudo apt --fix-broken install ikaleta vipande vilivyokosekana. Ilikula mega zetu, ni kweli. Lakini tulipoizima na kuiwasha, ikafunguka kama zamani.

Neno moja la kuangalia: mashini ikikuambia kwamba kazi nyingine imeshika kufuli, usivunje kufuli. Mara nyingi ni yenyewe inajifanya upya kimya-kimya. Ngoja imalize.

Siku ya yenga wamama walikuja, na mjane akapokea haki yake. Niliwaeleza yote, hata kosa langu mimi: kuweka mali ya watu wengi mahali pamoja tu. Sasa kaye imerudi, na flashi iko ndani ya kabati.

Wazazi, mutoto akiharibu kitu, mutafutie njia ya kusema kweli mapema; akiogopa fimbo, ataficha, na ugonjwa utakomaa. Na ninyi vijana, someni Luka 14, pale Yesu anaposema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, anakaa kwanza kuhesabu kama atafikisha mwisho. Mbele ya kuanza, hesabu nafasi ya diski, hesabu mega, hesabu kurenti. Nakili maandiko yako. Na kazi ikikatikia katikati, usikimbilie kufuta yote: soma kile mashini inachosema, polepole, urudilie pale ilipoachia.