Redio ya Mwalimu na Kikombe cha Maziwa

Katika kijiji cha Kashojwa, upande wa Base Camp wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, anaishi mwalimu mmoja ambaye mambo matatu humjaza siku yake yote: mtoto wake wa kwanza, redio mbovu za watu, na siasa za nchi aliyoikimbia. Mkewe husema kwamba lingekuwapo la nne, nyumba ingepasuka.

Mwalimu huyo ni mtu wa Rutshuru, katika Kivu ya Kaskazini. Tarehe 29 Oktoba 2022 Rutshuru na Kiwanja ziliingia mikononi mwa wapiganaji wa M23, naye akavuka mpaka wa Uganda na mkewe wakiwa na sufuria mbili, blanketi moja na mimba ya miezi sita. Walipokelewa Nyakabande, karibu na Kisoro, kisha wakapandishwa katika basi hadi Nakivale. Mtoto alizaliwa mapema mwaka 2023. Wazazi wake huyaita makazi hayo kambi. Yeye huyaita nyumbani, kwa kuwa hajapata kuona penginepo.

Nakivale si mahali papya. Ilifunguliwa mwaka 1958 katika nchi ya Ankole, nayo ikawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya wakati ule. Wakimbizi hawakuzungushiwa ua wa seng'enge. Waligawiwa ardhi wakalima. Desturi hiyo imedumu, ingawa vipande vya ardhi vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyozidi kuwa wengi. Leo katika njia moja ya Kashojwa mtu husikia Kinyarwanda, Kirundi, Kisomali na Kiamhara kabla hajafika dukani, na afikapo dukani husema Kiswahili ili auziwe chumvi.

Kila asubuhi mama mtoto huenda shambani kupalilia mahindi na maharage, naye mwalimu, ambaye shule yake ni ya mchana, hubaki na mtoto. Humpa uji wa mahindi uliochanganywa na soya, humfuta pua, kisha humketisha juu ya mkeka kando ya meza yake ya kazi. Hapo ndipo penye chuma cha kulehemu, waya za kila rangi, spika zilizochanika na makopo ya skrubu. Kutengeneza redio hakumletei fedha za maana. Wateja wengi hulipa kwa viazi, na wengine kwa ahadi. Lakini kila mwezi hupanda gari hadi Mbarara, mwendo wa kilomita zipatazo 60, akanunua vipuri kwa mafundi wa mjini, naye hurudi mwenye furaha kama mtu aliyetoka harusini.

Mtoto wa umri huo haketi juu ya mkeka kwa sababu tu ameketishwa. Siku moja alimeza skrubu, na wazazi wakakesha siku mbili wakiisubiri itoke, nayo ikatoka salama. Hapa yafaa wazazi waelezwe jambo ambalo mwalimu alielezwa na mganga wa kituo cha afya: afadhali skrubu kuliko zile betri ndogo za mviringo mithili ya kifungo cha shati. Betri hiyo ikikwama kooni huweza kuunguza nyama ya mtoto kwa muda wa saa mbili, hata kama ni kuukuu, na aliyeimeza apelekwe hospitali mara moja bila kungoja. Tangu siku hiyo betri za mwalimu hukaa katika kopo lililotundikwa juu ya paa.

Jambo ambalo hakufikiri kulitundika juu ni maneno yake mwenyewe.

Jioni, baada ya chakula, mwalimu hufungua redio na kusikiliza idhaa za Kiswahili kutoka nchi za nje. Mwanzoni mwa mwaka 2025 habari zote zilikuwa za kwao. Goma ilianguka mwishoni mwa Januari. Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Mwalimu hasikilizi kimya. Mtangazaji akisema sentensi moja, yeye husema tatu. Ana maoni juu ya kila jambo, na mengine si ya kupuuzwa. Husema kwamba jina lenyewe la M23 latokana na mapatano ya tarehe 23 Machi 2009, na kwamba nchi ambayo maasi yake hupewa majina ya mapatano yapaswa kujiuliza hutia sahihi kwa kalamu ya namna gani. Husema kwamba askari asiyelipwa mshahara wake hujilipa mwenyewe kwa mbuzi wa raia, na kwamba aliye na silaha na njaa pamoja hafai kulaumiwa peke yake. Walaumiwe na waliokula posho yake. Hilo askari wengi watalikubali.

Lakini yapo na mengine aliyoyasema, hasa usiku ule wa habari za Goma, juu ya majirani wa zamani wa Kivu wanaosema Kinyarwanda, bila kutenganisha mwenye bunduki na mwenye jembe. Alisema warudi kwao. Alilisema neno hilo usiku huo, akalirudia usiku uliofuata, na hatimaye likawa kama kiitikio cha taarifa ya habari. Mkewe alinyamaza akiosha vyombo. Mtoto alikuwa chini ya meza akitafuna waya wa erio.

Sasa jirani wa karibu wa familia hiyo ni bibi mmoja mjane, Mnyamulenge wa milima ya Minembwe, katika Kivu ya Kusini. Alikuwa miongoni mwa waliokimbilia Burundi mwaka 2004, na katika kambi ya Gatumba, usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka ule, wauaji walipoua watu zaidi ya 150, yeye alifiwa na mabinti wawili. Hapo Kashojwa ana ng'ombe mmoja wa pembe ndefu. Kila asubuhi, tangu mtoto wa mwalimu alipoanza kula, bibi huyo humletea kikombe kimoja cha maziwa. Hakuna aliyemwomba, wala hajapata kutaka malipo. Mtoto akimwona humkimbilia kwa mwendo ule wa watoto ambao huanza kuanguka kabla ya kuanza kukimbia.

Ikawa asubuhi moja ya Machi bibi amefika na kikombe chake. Pale uani walikuwapo wanawake watatu waliotoka bombani na madumu yao. Mtoto akanywa maziwa, akafuta mdomo kwa mkono, akamtazama bibi kwa furaha yote, akasema kwa sauti ya juu: "Bibi, ludi kwao!"

Wanawake waliinamisha macho. Mwalimu alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Bibi alicheka kidogo, akampangusa mtoto kidevu kwa ncha ya kitenge chake, akachukua kikombe akaondoka. Kesho yake maziwa hayakuja. Kesho kutwa pia hayakuja. Mtoto alikaa mlangoni akiita, "Bibi! Bibi!" mpaka akapewa uji, akaumwaga.

Mwalimu alijaribu kuisingizia redio. "Mama, unajua watoto wa siku hizi. Huokota kila kitu kwenye redio."

"Baba," mkewe akajibu, "redio husoma habari. Wewe ndiwe unayeitafsiri."

Wiki hiyohiyo idhaa mojawapo aliyoizoea, Sauti ya Amerika, ilinyamaza ghafula. Mwalimu alidhani redio imeharibika. Akaifungua yote, akaipangua, akaibadilisha kondensa mbili nzima, akaifunga tena. Ikabaki kimya vilevile. Baadaye alipata habari kwamba ni serikali ya Marekani iliyowasimamisha watangazaji, wala si kosa la kondensa. Mkewe alisema usiku ule ulikuwa wa kwanza kwa miezi mingi nyumba kusikia vyura.

Jumapili mwalimu hucheza dama kwa vizibo vya soda na askari mmoja wa polisi, mwenyeji wa Mbarara. Urafiki wao ni wa Kiswahili, kwa maana mwalimu hajui Kinyankole vema na askari hajui Kifaransa kabisa. Alipomweleza kisa chake, askari alisogeza kizibo kimoja, akala vitatu, ndipo akajibu.

"Mwalimu, mimi nilizaliwa na mama ambaye Kiswahili kwake kilikuwa sauti ya bunduki. Mwaka 1972, mwezi wa Septemba, vita viliingia Mbarara kutoka Tanzania, akakisikia. Wakati wa Amin alikisikia kwa wanajeshi barabarani. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yakauteka mji, majumba yakabomolewa, akakisikia tena. Mimi niliporudi kutoka chuo cha polisi na Kiswahili changu, aliniambia: hicho kiache nje pamoja na viatu. Nilikiacha nje miaka mingi."

"Na sasa, Afande?"

"Sasa serikali imekubali tangu mwaka 2022 kiwe lugha rasmi. Mama ni mzee, huniamkia kwa Kiswahili kwa kunitania. Lakini ilichukua miaka zaidi ya 40." Akasogeza kizibo kingine. "Nami sikukatazi kuwa na maoni. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakukataza kujiingiza katika siasa za Uganda, za kijiji hata za taifa. Haikukatazi kukasirika nyumbani mwako. Lakini wewe ni mwalimu, historia unaijua. Wale waliovuka kuingia Rwanda tarehe 1 Oktoba 1990 na sare za jeshi la Uganda, baadhi yao walilelewa humuhumu Ankole, makambini. Unafikiri maneno ya nyumbani waliyasikia wapi? Chini ya meza za baba zao."

Mwalimu alisema kwamba hao walikuwa na madai yao ya haki, walikatazwa kurejea kwao. Askari akajibu kwamba hakusema walikuwa na haki au hawakuwa nayo, alisema walisikia. Mchezo ule mwalimu alishindwa vibaya.

Juu ya rafu yake ilikuwapo redio ya bibi. Ililetwa kabla ya Krismasi, spika imekufa, naye alikuwa akiiahirisha kila wiki kwa kisingizio hiki au kile. Kisingizio chenyewe hakuwa amekitaja hata moyoni mwake. Mjukuu wa kiume wa bibi aliondoka Kashojwa mwaka 2023, akiaga kwamba anakwenda kutafuta kazi Kampala, na tangu siku hiyo hakuna habari zake. Kijijini ilisemwa kwamba hakwenda Kampala. Mwalimu aliamini hivyo, na kila alipoitazama redio ile alimwona kijana huyo akiwa na bunduki mlangoni pa shule yake kule Rutshuru.

Usiku wa Jumapili aliifungua. Kazi ilikuwa ya dakika 20.

Jumatatu jioni alivuka njia na redio kwapani na mtoto begani. Bibi alikuwa akikoka moto wa kufukiza mbu zizini. Alimpa kigoda, akamchukua mtoto, wala hakusema neno juu ya lililotokea. Mwalimu ndiye aliyesema. Alisema neno lile si la mtoto, ni lake. Kwamba amelitamka nyumbani mara nyingi. Kwamba hakumkusudia yeye, na alipofika hapo akaona kuwa hilo si kweli kamili, akanyamaza.

"Mwanangu," bibi akasema baada ya muda, "nilijua si la mtoto. Nilianza kulisikia kabla wewe hujazaliwa. Kilichonishinda ni kulisikia kwa sauti hiyo ndogo." Akatazama moto. "Nirudi wapi? Kwetu ni Kongo kama kwenu. Huko milimani hakuna jeshi lililokuja likatuuliza kwanza sisi ni akina nani. Wote walifika wanajua tayari."

Kisha akasema na maneno mengine juu ya vita, nani aliyeanza na nani anayewalinda watu wake, ambayo mwalimu hakukubaliana nayo hata moja. Majibu yalimjaa kinywani, tena na miaka na tarehe zake. Juu ya mjukuu hakuuliza, na bibi hakumtaja. Mtoto alikuwa ameishika redio kwa mikono miwili akiramba kitufe chake. Mwalimu aliifungua, akatafuta stesheni yenye nyimbo za dini, akapandisha sauti kidogo, akaaga.

Siku ya tatu kikombe kilirudi. Kilikuwa nusu, kwa kuwa ng'ombe alikuwa amekaribia kuzaa na maziwa yalikuwa yamepungua; ndivyo bibi alivyosema, na mama mtoto aliamua kuamini.

Maoni ya mwalimu hayakubadilika sana. Mwezi wa Juni 2025, Kongo na Rwanda zilipotia sahihi mapatano mjini Washington, alihesabu kwa vidole mapatano yote yaliyotangulia, akaishiwa vidole. Ila neno lile ameliacha, na safari iliyofuata ya Mbarara alinunua kisikilizio cha sikioni, ili habari za vita zisimfikie mtoto. Usiku wa kwanza alijifunika nacho, akaketi akitikisa kichwa. Mkewe alikuwa akikunja nguo, akimtazama kwa shukrani. Mtu mwenye kisikilizio hajui ukubwa wa sauti yake mwenyewe. Baada ya dakika tano mwalimu akapiga meza, akafoka hata nyumba ya tatu ikasikia: "Waongo!"

"Waongo!" akaitikia mtoto kutoka chini ya meza.