Kiongozi Aliyetokea Kwenye Mizani

Ndugu msomaji, mfanyabiashara anapoingia katika uongozi, watu huuliza ana magari mangapi na nyumba ngapi. Sisi wa nchi ya pamba tuna swali jingine: alipokuwa akinunua na kuuza, alipima vipi?

Marehemu babu yangu alilima pamba Lalago, wilayani Maswa, pale inapochepuka njia ya kwenda Meatu, katika eneo ambalo tangu mwaka 2012 ni la Mkoa wa Simiyu. Nyumbani kwetu ada ya shule, sare na chumvi vilitegemea mahali utakaposimama mshale wa mizani. Mzee huyo alikuwa akisema kwamba jembe huchosha mwili, lakini mizani ya hila huchosha moyo.

Katika mazungumzo yake jina la Paul Bomani halikukosekana. Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Ikizu, Musoma, mwana wa mchungaji wa Kiadventista. Alifanya kazi ya ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Huko alijifunza mambo ya bei, deni na faida, na akaona jinsi mnyonge anavyopunjwa senti moja moja hadi akafilisika.

Zama hizo wakulima wa Usukuma waliuza pamba kwa wanunuzi binafsi, wakalalamika kwamba ratili zao zilipotelea mizanini. Dawa waliyoipata ilikuwa nyepesi: waliweka watu wao wenyewe wa kuipima pamba kabla haijamfikia mnunuzi. Kutokana na upimaji huo ukakua ushirika. Bomani alizunguka Jimbo la Ziwa akihimiza vyama, akaenda Uingereza kusomea ushirika katika chuo cha Loughborough, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, yeye akiwa meneja mkuu.

Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba tangu 1954 hadi 1958 Serikali ya kikoloni iliipiga TANU marufuku katika Usukuma. Katika miaka hiyo chama cha pamba kilikuwa shule ya siasa: mkulima alijizoeza humo kuchagua wajumbe, kukagua hesabu na kumuuliza mkubwa swali hadharani. Bomani akawa kiongozi anayejulikana jimbo zima, na baadaye taifa zima: Waziri wa Kilimo mwaka 1960, Waziri wa Fedha mwaka 1962.

Lakini Shirikisho lilivyozidi kunenepa, makato nayo yaliongezeka, na fedha iliyomfikia mwenye shamba ikapungua. Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 Bomani, akiwa waziri, alikosa kura za kutosha na kupoteza kiti chake. Mwaka uliofuata kamati iliyoundwa na Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta ubadhirifu na uendeshaji mbaya. Mwalimu Nyerere alimteua Bomani kurudi Bungeni, akaendelea kulitumikia taifa kwa miaka mingi, ikiwa ni pamoja na ubalozi wa Marekani tangu 1972. Alifariki mwaka 2005.

Nilipokuwa kijana nilimuuliza babu iwapo watu wale hawakukosa shukrani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Mjukuu wangu, si yeye aliyetufundisha kuisoma mizani? Ulitaka tufumbe macho ilipofika zamu yake?”

Jibu hilo sijalisahau, na nadhani lamfaa kila mzazi anayehesabu mshahara mwisho wa mwezi. Miongoni mwa madiwani, wabunge na viongozi wa mikoa yetu wamo wengi waliotoka dukani, kinuni na kwenye malori. Ujuzi wa biashara si dhambi. Huyu aliutumia kuwainua maelfu. Basi wafundishe wanao kudai stakabadhi, kusoma makato na kuhudhuria mkutano wa hesabu. Mwenye kuzoea kuuliza juu ya kilo moja iliyopotea hatashindwa kuuliza juu ya milioni. Na kiongozi mwema, akiulizwa hivyo, hana sababu ya kununa.