Bosi Akikushikia Makaratasi: Siku 180 za Dada wa Tanga Pale Houston

Ukimwona Instagram unasema huyu ametoboa. Gari safi, ghorofa lenye bwawa la kuogelea, kazi ya kuchambua data kwenye kampuni moja ya Houston, mshahara wa dola. Ndugu wa Tanga wakimtumia meseji wanaanza na salamu na kumalizia na hesabu: ada, mchango wa harusi, bati za nyumba ya shangazi. Na anatuma. Kitu ambacho picha hazionyeshi ni kwamba kwa zaidi ya miaka mitano dada huyu alikuwa anaishi kwa karatasi yenye majina mawili, la kampuni juu, lake chini.

Hiyo ndo viza ya H-1B. Anayefanya kazi ni wewe, ila anayekuombea ni mwajiri. Unapewa miaka mitatu, unaweza kuongezewa mingine mitatu, na kwa kawaida ndo basi. Na kuipata kwenyewe ni bahati nasibu: nafasi 65,000 kwa mwaka, na nyingine 20,000 za waliosoma shahada ya uzamili kwenye vyuo vya Marekani, huku waombaji wakiwa wengi kuliko nafasi. Yeye alichaguliwa mara ya tatu. Rafiki yake wa darasani, mtoto wa Kampala, hakuchaguliwa hata mara moja, akafunga mabegi akarudi kwao.

Ukishaipata, kazi ikiisha leo unahesabiwa siku zisizozidi 60. Ndani ya hizo upate mwajiri mwingine wa kukuombea, ubadili aina ya viza, au uondoke. Fikiria una mkataba wa nyumba, mkopo wa gari, na wazazi wanaokutegemea. Siku 60 ni kama wiki.

Ndo maana kila mwenye H-1B anaota grini kadi. Hapa wengi wa nyumbani wanachanganya. Hii sio ile bahati nasibu ambayo watu wanajaza mtandaoni halafu wanasubiri majina. Hii ya kazini ina hatua tatu, na kila hatua ina mwenyewe. Kwanza, kampuni inaiambia Wizara ya Kazi ya Marekani kwamba imetafuta Mmarekani mwenye sifa na aliye tayari, haikumpata. Ili kuthibitisha hilo lazima itangaze nafasi hiyo. Dada alisoma tangazo la kazi yake mwenyewe kwenye gazeti la Jumapili, huku amekaa kwenye kiti hichohicho kinachotangazwa. Pili, kampuni inapeleka fomu I-140 kwa watu wa uhamiaji kusema huyu ndiye tunayemtaka. Tatu, foleni yako ikifika, unapeleka mwenyewe fomu I-485 ya kuomba ukazi wa kudumu. Halafu unasubiri. Wengine miezi, wengine miaka.

Bosi wake aliijua hiyo foleni vizuri kuliko yeye. Wenzake walioajiriwa nyuma yake walipandishwa vyeo, yeye akabaki palepale. Kazi za wikiendi zilikuwa zake. Siku moja alipojikaza kuuliza habari ya mshahara, bosi alitabasamu, akamuuliza kama anakumbuka ni nani anayeshughulikia makaratasi yake. Hakupaza sauti wala hakutukana. Dada akarudi mezani kwake, akafungua kompyuta, akaendelea na kazi.

Miaka ikaenda. I-140 ikapita. Foleni ikafika, akapeleka I-485, akapata risiti. Siku hiyo alimpigia baba yake, mzee akasema Alhamdulillahi mara tatu, akauliza, "Sasa unakuja lini?" Dada akasema karibuni, baba.

Siku ya 97 baada ya risiti ile, saa tatu na nusu usiku Houston, simu iliita. Tanga ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mzee alikuwa ametoka kuswali, akajilaza, hakuamka tena.

Kibali cha kusafiri alikuwa ameshaomba, hakijatoka. Muhuri wa viza kwenye pasipoti ulishapita muda wake. Akitoka hivyo, angelazimika kuomba viza upya ubalozini Dar, bila kujua atapewa lini. Ipo njia ya kuomba kibali cha dharura ofisini ana kwa ana, lakini mzee alikuwa anazikwa siku hiyohiyo alasiri, na hakuna ndege inayokimbizana na maziko ya Tanga. Binamu yake alishika simu, jeneza likabebwa, sauti za wanaume zikawa zinapotea na mtandao. Houston ilikuwa bado asubuhi, na saa tatu alikuwa na kikao.

Aliomba siku tatu. Bosi akampa pole, kisha akamwambia mradi unakabidhiwa Ijumaa, na kwamba kwa hali ya makaratasi yake huu sio wakati mzuri wa kuonekana hayupo. Dada aliingia kwenye kikao kamera ikiwa imezimwa.

Wiki ileile kampuni nyingine ikamwandikia. Kazi ni ileile ya kuchambua data, cheo kimepanda kidogo, mshahara zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka juu ya ule wake. Wapo tayari kumfanyia makaratasi. Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kutuma barua ya kuacha kazi.

Kilichomzuia ni jamaa mmoja wa Mwanza, ambaye diaspora ya Houston nzima inajua kisa chake. Na yeye alinyanyasika, na yeye alipata ofa. Akaondoka kwa hasira kabla siku 180 hazijatimia tangu apeleke I-485, tena akaenda kazi mpya kwa kile kibali cha kazi kinachotolewa ukiwa unasubiri, bila mwajiri mpya kumwombea H-1B. Kampuni ya zamani ikaiondoa I-140 yake mapema. Ombi la ukazi likakataliwa, na kibali cha kazi kilichosimama juu ya ombi hilo kikaanguka nalo. Hakuwa na H-1B ya kuegemea. Sasa hivi yupo Mwanza anauza vipuri vya pikipiki, na anaendelea vizuri tu, ila ukimtajia Houston anabadilisha mada.

Kwa hiyo dada akafanya kitu ambacho alitakiwa kufanya miaka mitatu nyuma. Akatafuta wakili wake mwenyewe. Wakili wa kampuni ni wa kampuni, hata kama anakuita kwa jina na kukutumia kadi ya Krismasi. Akampata mama mmoja wa Mombasa mwenye ofisi ndogo. Akamwamkia shikamoo, mama akaitikia, akasoma makaratasi yote kimya, halafu akavua miwani.

"Sikiza mwanangu. Kazi ni ya bosi, anaweza kukunyang'anya kesho. Lakini foleni ni yako. Na ombi hili la mwisho umelisaini wewe, si yeye. Una siku ngapi?"

"Tisini na tisa, mama."

"Basi kaa kimya mpaka zifike mia na themanini. Zikipita, sheria inakuruhusu kuhama na ombi lako."

Sheria yenyewe ni ya mwaka 2000. Inasema hivi kwa lugha ya mtaani: kama I-140 yako imekubaliwa, na I-485 yako imekaa siku 180 au zaidi bila jibu, unaweza kubadili mwajiri bila kuanza upya, ili mradi kazi mpya iwe ileile au inayofanana na ya zamani. Mchambuzi wa data akienda kuwa mchambuzi mwandamizi wa data, sawa. Akienda kufungua saluni, hapana. Mwajiri mpya anasaini fomu ya nyongeza, Nyongeza J, kuthibitisha kazi ipo. Na I-140 iliyokwisha kutimiza siku 180 tangu ikubaliwe, kampuni ya zamani ikiiondoa kwa hasira, haikuangushi.

Sheria hiyohiyo inamruhusu mwenye H-1B kuanza kazi kwa mwajiri mpya mara ombi jipya la H-1B likishapokelewa, bila kurudi kwenye bahati nasibu. Mama wa Mombasa alisisitiza hilo kuliko yote. Hata kama una kibali cha kazi mkononi, mwajiri mpya akuombee na H-1B pia. Ukazi ukikwama, uwe na pa kusimama.

Miaka yote hiyo bosi alikuwa anamtisha kwa kitu ambacho nusu yake haikuwa mali ya bosi. Na dada hakujua, kwa sababu hakuwahi kuuliza mtu asiyelipwa na kampuni ile.

Kampuni mpya ikakubali kumsubiri. Zikabaki siku 81. Alibandika kalenda ya msikiti ukutani jikoni, akawa anakata kila siku kwa kalamu nyekundu. Kazini akawa mtu wa ndiyo bosi, sawa bosi. Arobaini ya baba ilisomwa Tanga, yeye akatuma pesa ya ng'ombe na kusikiliza dua kwa simu akiwa kwenye maegesho ya magari ya ofisi. Kwenye grupu la familia, mjomba akaandika kwamba siku hizi watoto wakienda Ulaya wanasahau hata makaburi. Marekani sio Ulaya, lakini hakujibu. Ungeanzaje kumweleza mjomba habari ya fomu I-485 kwenye grupu lenye watu 64?

Siku ya 163 kampuni ikaanza kupunguza watu. Waliitwa mmojammoja chumba cha mwisho cha korido. Wa kwanza akatoka na boksi, wa pili akatoka na boksi. Wa tatu alikuwa kijana wa Hyderabad aliyekaa meza ya jirani, naye H-1B, mke ana mimba ya miezi saba. Wahindi wana foleni yao ndefu kuliko zote, kwa sababu kwa kawaida hakuna nchi inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya hizo grini kadi kwa mwaka, nchi iwe na watu milioni moja au bilioni moja. Yule kijana alikuwa kwenye foleni tangu dada akiwa bado Tanga anafanya mtihani wa kidato cha sita. Alimpa dada mmea wake wa mezani, akamwambia aumwagilie. Jina la dada halikuitwa. Usiku huo hakulala.

Siku ya 180 ilikuwa Jumanne. Hakuandika barua. Mama wa Mombasa alimwambia aache siku kadhaa, wasije wakabishana kwenye hesabu. Siku ya 190, ombi jipya la H-1B likiwa limeshapokelewa, aliingia ofisini kwa bosi na karatasi moja, wiki mbili za taarifa. Bosi akamuuliza kama amefikiria vizuri habari ya makaratasi yake.

"Nimefikiria," alisema.

Nyongeza J ikapelekwa. Kibali cha kusafiri kilikuwa kimeshatoka. Baada ya miezi minne kwenye kazi mpya akaomba likizo, akapanda ndege hadi Dar, basi hadi Tanga. Kaburi lilikuwa limeshaota majani, akayang'oa kwa mkono. Jioni alikaa barazani na mama yake, akamweleza kila kitu kuanzia mwanzo, bosi, siku zile, kalenda ya jikoni, kwa nini hakuja. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa huyu bosi mpya, naye anakushikia nini?"

Dada akacheka, halafu akakosa jibu la haraka. Alimwambia anamshikia kazi tu, mama. Mama akasema haya, usimpe na kingine.

Kurudi Houston aliwekwa chumba cha pembeni pale uwanja wa ndege kwa saa nzima, kama wanavyowekwa wengi wanaoingia kwa kibali hicho, kisha akagongewa muhuri akapita. Grini kadi yenyewe mpaka leo haijafika. Anaangalia hali ya ombi lake kila Ijumaa, zamani aliangalia kila saa. Mmea wa yule kijana wa Hyderabad upo dirishani kwake. Kijana mwenyewe alipata kazi Dallas siku ya 52 kati ya zile 60.

Bado kuna swali ambalo marafiki zake wanabishania kila wakikutana kula pilau. Wengine wanasema alifanya akili, angehama kwa hasira yangemkuta ya jamaa wa Mwanza. Wengine wanasema hakuna karatasi duniani inayostahili ukae kimya mbele ya mtu aliyekunyima siku tatu za kumlilia baba yako. Mwenyewe huwa hajibu, anaongeza kachumbari.

Wewe je, baada ya msiba ule ungekaa zile siku zote, au ungetuma ile barua usiku uleule?